Mifupa ya Kwenye Waya: Castle Alitutisha au Alitucheza Shere?

Mwongozaji William Castle alipotoa filamu ya kutisha *House on Haunted Hill* mwaka 1959, baadhi ya kumbi za sinema Marekani zilifungwa waya juu ya vichwa vya watazamaji. Filamu ikikaribia mwisho, mifupa ya mtu inaibuka kwenye pipa la tindikali. Papo hapo, mifupa ya bandia ilichomoza kando ya skrini na kuteleza kwenye waya hadi katikati ya ukumbi. Castle aliuita ujanja huo Emergo. Watoto waliokwishausikia walikuja wamejiandaa kuitupia vitu.

Wenye kuidharau filamu hii husema kizuri chajiuza, na kibaya hutembezwa kwa waya. Hawajakosea sana. Tajiri Frederick Loren, aliyechezwa na Vincent Price, anawaahidi wageni watano dola 10,000 kila mmoja wakimaliza usiku kucha katika jumba lililokwisha kuua watu. Baadaye tunagundua kuwa mkewe na daktari mmoja wamepanga kumtisha msichana Nora, mmoja wa wageni, mpaka ampige Loren risasi. Njama gani hiyo, inayotegemea hofu ya mtu mwingine na shabaha yake? Na jumba lenyewe! Kwa nje ni Ennis House ya Los Angeles, matofali ya zege aliyoyabuni msanifu majengo Frank Lloyd Wright. Ukivuka kizingiti uko kwenye nyumba nyingine kabisa, ya kizamani, yenye mapazia mazito na mishumaa. Ufinyu wa bajeti haufichiki.

Lakini tazama nani anayeichezesha mifupa ndani ya hadithi. Ni Loren mwenyewe, anatoka kizani na mtambo wa kamba kifuani, kama mcheza vikaragosi. Kwa hiyo waya wa ukumbini haukuwa kiraka cha kuziba udhaifu; ulikuwa mzaha uleule, safari hii mwenye kamba akiwa Castle. Anayeitazama leo kwenye simu ameletewa nusu ya filamu, halafu anaihukumu yote.

Hata hivyo, kilichonitisha mimi hakikuhitaji waya wa ukumbini. Nora yuko kwenye chumba cha chini ya nyumba, anageuka, na kando yake kasimama bibi kizee kakodoa macho, vidole vimekunjwa kama kucha za mwewe. Kisha bibi anatoka akiteleza, haonekani kupiga hatua. Sekunde chache tu. Halafu tunaambiwa ni mtunza nyumba, kipofu, basi yaishe. Hapo namlaumu Castle: alikuwa na kitisho cha kweli mkononi akakimbilia kukipa kitambulisho.

Angalau hakukifuta chote. Loren ameshafichua kila hila, maiti zimepatiwa sababu, lakini Pritchard, mgeni mlevi aliyeamini mizimu tangu mwanzo, anaigeukia kamera na kusema wanakuja kumchukua yeye, kisha watakuja kwako.