Majenerali wanaposhika kalamu

Vipo vitabu viwili vya vita vya Biafra, eneo la mashariki mwa Nigeria lililojitenga na kupigana na serikali kuu kati ya 1967 na 1970, ambavyo nimevisoma penseli ikiwa mkononi. Kimoja ni My Command cha Olusegun Obasanjo, kilichotoka 1980. Cha pili ni The Tragedy of Victory cha Godwin Alabi-Isama, cha 2013. Wote wawili walipigana upande wa serikali ya Nigeria, tena katika divisheni ileile. Ungedhani wangekubaliana. Wapi! Alabi-Isama anampinga mwenzake ukurasa baada ya ukurasa, kwa ramani na picha, kama mtu aliyepeleka kesi mahakamani.

Wasomaji wengi wakifika hapo husema, basi, wote waongo, na kitabu hufungwa. Mimi naona hapo ndipo kazi ya mwanahistoria inapoanza. Pembeni ya kila aya huandika neno moja: "aliona" au "aliambiwa". Utashangaa jinsi kurasa za majenerali zilivyojaa "aliambiwa". Obasanjo alikabidhiwa divisheni ile Mei 1969, akimrithi kamanda wake wa awali, Benjamin Adekunle, vita vikiwa vimekwenda karibu miaka miwili. Na alipochapisha, alikuwa ameshaongoza nchi, 1976 hadi 1979. Alabi-Isama naye alichapisha zaidi ya miaka 40 baada ya bunduki kunyamaza. Picha zake nazithamini sana, lakini picha haisemi nani alitoa amri.

Takwimu ndizo hunitia shaka zaidi. Tarehe 31 Machi 1968, huko Abagana, askari wa Biafra waliuvizia msafara wa divisheni nyingine ya serikali, iliyoongozwa na Murtala Mohammed, lori la mafuta likalipuka na moto ukaenea kwa magari mengine. Kwamba msafara uliteketea, hakuna anayebisha. Lakini askari 6,000 wanaotajwa na masimulizi ya Biafra, nani aliwahesabu katika moshi ule? Wiki mbili baadaye Tanzania ikawa nchi ya kwanza kuitambua Biafra, na nahisi huruma hiyo bado inatufanya tupokee hesabu kama hizi bila kuuliza.

Wanahistoria hupenda kauli inayomuumiza mwenye kuitoa. Alexander Madiebo, aliyeliongoza jeshi la Biafra, anaukosoa uongozi wa upande wake mwenyewe na kulalamikia uhaba wa silaha. Ushahidi mzito huo. Hata hivyo, kamanda aliyeshindwa akisema hakupewa risasi, anajitetea pia. Kauli moja inaweza kuwa ya kweli na ya kujikinga kwa wakati mmoja, na msomaji hana budi kuyabeba yote mawili.

Linaloniuma ni wasiokuwemo. Chumvi ilipoadimika ndani ya Biafra, wanawake walivuka mstari wa mapigano kwa miguu, wakanunua bidhaa upande wa adui na kurudi nazo kuuza. Biashara hiyo waliiita "afia attack", afia likiwa soko kwa Kiigbo. Waliyajua maeneo ya mapigano kuliko ramani yoyote ya jenerali: njia ipi ina askari, kizuizi kipi kinapitika. Wengi wao hawakuandika kitabu. Ilibidi watafiti wawafuate majumbani, wakae nao na kuwauliza, na wengine walikuwa wameshazikwa.