Tembo Hakuvamia, Alikuwa Anapita

Juzi nimekutana tena na kichwa cha habari kile kile: tembo wavamia kijiji. Mahindi yakikaribia kukomaa, neno hilo hurudi. Wavamia. Limenikera mpaka nimeona nisilale bila kuandika.

Anayevamia ni yule aingiaye pasipo pake. Sasa simama Kwakuchinja, barabara ya Arusha kwenda Babati. Tarangire iko upande huu, Manyara upande ule, na katikati kuna lami, nyumba na mashamba. Wanyama walikuwa wakivuka hapo kabla Manyara haijawa hifadhi ya taifa mwaka 1960, na Tarangire mwaka 1970. Mipaka tuliiweka sisi, kisha tukagawana ardhi juu ya mapito yao.

Mipaka yenyewe haikufuata mvua. Kiangazi, Mto Tarangire huwakusanya wanyama wote. Masika yakianza, nyumbu wanakwenda kuzalia kwenye mbuga za Simanjiro, nje kabisa ya hifadhi, kwenye ardhi ya vijiji. Ukiwafungia ndani ya mpaka umewaachia nusu ya maisha yao.

Mwaka 1993 ukame mkali ulipiga Tarangire. Watafiti waliokuwa wakiwafuatilia tembo waliona koo mbili zikitoka nje ya hifadhi, na ukoo wa tatu ukabaki. Katika miezi tisa walikufa ndama 16 kati ya 81, wengi wao wa ukoo ule uliobaki. Maelezo ya watafiti ni kwamba koo zilizotoka zilikuwa bado na majike wazee, ambao huenda walikumbuka ukame wa 1958 hadi 1961 na mahali maji yalipopatikana. Wenzao walikuwa wamepoteza wazee wao kwa majangili. Niliposoma hayo nilimkumbuka bibi yangu, aliyejua ni kisima kipi hakikauki hata mito ikikauka. Leo mvua hazitabiriki tena, jike mzee bado anaikumbuka njia, anaishika na watoto nyuma yake, halafu anakuta imeishia kwenye shamba la mtu. Na sisi tunaandika amevamia.

Wala simlaumu mwenye shamba. Mjomba wangu ni mmoja wao. Usiku anakaa juu ya dungu na debe na tochi, akiamia mahindi. Msimu mmoja ekari mbili zilikwisha kabla ya alfajiri. Alijaza fomu za kifuta jasho, zile hela za serikali kwa aliyeharibiwa mazao na wanyamapori, akasubiri, akapanda tena akiwa bado anasubiri. Jina lenyewe linakiri kwamba hiyo si fidia: jasho linafutwa, gunia halirudi. Yeye anaamia, tembo anaambiwa amevamia, na wote wawili njaa ndiyo iliyowakutanisha gizani.

Mizinga ya nyuki kwenye uzio inasaidia, kamba za pilipili pia. Uzio wa umeme nao, nakubali shingo upande, kuna mahali hauepukiki. Lakini njia ikiwa imezibwa, ukimfukuza tembo kwako unampeleka kwa jirani.

Mapito haya ya wanyama kitaalamu huitwa shoroba. Shoroba 61 zimeshatambuliwa nchini, 20 zikapewa kipaumbele. Kanuni za shoroba zipo tangu 2018. Nataka kuona vigingi ardhini kabla kiwanja kingine hakijapimwa. Na aliyekwisha kujenga ndani ya ushoroba asitolewe kwa nguvu kana kwamba yeye ndiye mkosaji. Alipwe fidia ya kweli, apewe ardhi penye maji na shule, na ashirikishwe tangu siku ya kwanza. Terrat, kule Simanjiro, wanakijiji walikubali kutolima sehemu ya mbuga na wakawa wanalipwa kwa hilo. Watu wakiheshimiwa wanakubaliana na mengi.

Mara ya mwisho nilipokwenda kwa mjomba nilimwonyesha ramani kwenye simu. Aliikodolea macho kwa muda, akafuata mstari wa mapito kwa kidole mpaka kikasimama.

“Hapa ni kwangu,” akasema.

Nikaitikia kwa kichwa.

“Mjomba, aliyenipimia hapa alikuwa hajui?”