Makro ya Kuhamisha Takwimu: Nani Anahesabu Mistari?

Ofisi inayopokea faili la Excel kutoka kila tawi, na kulazimika kuyaunganisha yote katika faili kuu, ama imwachie karani anakili na kubandika kwa mkono, ama iandike makro, yaani mfululizo wa maagizo ambao Excel huyatekeleza yenyewe, itakayofungua kila faili, kuchukua kinachotakiwa na kukiweka mahali pake.

Wanaoitetea makro wana hoja nzito. Benki ya JPMorgan ilipopata hasara ya zaidi ya dola bilioni 6 mwaka 2012, ripoti yake yenyewe ilieleza kwamba kielelezo cha kupimia hatari kiliendeshwa kwa lahajedwali ambazo takwimu zake zilinakiliwa kwa mkono kutoka moja hadi nyingine. Hasara hiyo ilikuwa na sababu nyingi, lakini kazi ya mkono haiachi kumbukumbu ya kilichofanyika, ilhali maagizo ya makro yanaweza kusomwa na kukaguliwa na mtu mwingine.

Upande wa pili unanitia wasiwasi zaidi, kwa sababu makro hukosea kimyakimya. Tawi likiongeza safu wima moja katikati ya jedwali, makro iliyoelekezwa kwenye safu D itaendelea kuchukua safu D, ingawa sasa ina namba za simu badala ya mauzo; na kwa kawaida, ikishaandika, amri ya kutendua (Undo) haifanyi kazi tena. Uingereza ilionja hatari ya namna hiyo mwaka 2020, pale taarifa za maambukizi 15,841 ya UVIKO-19 zilipoachwa nje ya hesabu za kila siku. Matokeo ya maabara yalikuwa yakiingizwa kiotomatiki katika faili za muundo wa zamani wa XLS, ambao mwisho wake ni mistari 65,536; iliyozidi ikaachwa nje, na ufuatiliaji wa waliokutana na wagonjwa ukachelewa.

Kwa maoni yangu, makro itumike, ila kwa sharti lisilo na msamaha: itafute safu kwa kichwa chake, ihesabu mistari na jumla za fedha kabla na baada ya kuhamisha, na isimame pale hesabu zinapotofautiana. Ikiwa kazi ni kuunganisha majedwali yanayofanana tu, Power Query, zana ya kuleta na kuunganisha takwimu iliyomo ndani ya Excel tangu toleo la 2016, inatosha, wala haihitaji mtu anayejua VBA, lugha ya kuandikia makro, abaki ofisini ili mfumo uendelee kueleweka.