Waya Ulioishia Thingley: Treni za Nishati Mbili na Reli ya Great Western

Treni ya Great Western itokayo London Paddington kwenda Bristol kupitia Bath huenda kwa umeme kilomita 155 hivi. Magharibi kidogo ya Chippenham, penye makutano ya reli ya Thingley, nyaya za juu zinakwisha. Treni haina haja ya kusimama. Dereva hukata mkondo, pantografu (mkono wa juu ya treni unaogusa waya) inashuka, injini za dizeli zilizofungwa chini ya sakafu zinashika kazi, na kilomita 36 zilizobaki, kupitia handaki la Box na kituo cha Bath Spa, zinamalizwa kwa mafuta.

Kwa wanaofuatilia reli za Uingereza, hapo Thingley ndipo ubishi unapoanzia. Kuna wanaosema treni za nishati mbili, yaani za umeme na dizeli, ziliokoa safari za watu mradi wa kuweka umeme kwenye reli hii ulipokwama. Wengine wanasema treni hizo ndizo zilizoipa serikali ujasiri wa kuacha kazi nusu. Wote wana hoja. Ila hoja ya upande mmoja inashinda Cornwall, mwisho wa reli kusini-magharibi, na ya upande wa pili inashinda Bristol, na kosa la mjadala huu ni kutaka jibu moja kwa reli nzima.

Tuanze na treni yenyewe. Class 800 ya kampuni ya Hitachi, iliyoanza kubeba abiria Oktoba 2017, haina kichwa cha kuvuta mbele. Mitambo imesambazwa chini ya mabehewa, kama ilivyo kwenye treni ya mchongoko ya SGR ya Tanzania. Umeme wake pia ni uleule: volti 25,000 kutoka waya wa juu. Treni ya mabehewa matano ina injini tatu za dizeli za MTU. Ya mabehewa tisa ina tano. Injini hazigeuzi magurudumu moja kwa moja. Zinazalisha umeme unaokwenda kwenye mota zilezile zinazotumika treni inapokuwa chini ya waya.

Kubadili nishati kuna mpangilio wake. Kivunja-mkondo lazima kikatwe kabla pantografu haijaachana na waya. Ikiachana huku mkondo mkubwa unapita, cheche inaunguza kipande cha kaboni kilicho juu ya pantografu na kuuharibu waya wenyewe. Na dereva akichelewa, pantografu inapita mwisho wa waya na kuinuka mpaka igonge kitu. Kwa sababu hiyo kuna kifaa cha kuishusha chenyewe ikivunjika, na mahali pa kubadilishia hupangwa mapema kwenye ratiba ya njia.

Sasa nguvu. Mota 12 za treni ya mabehewa matano, kila moja kilowati 226, zinafikisha kilowati 2,712 chini ya waya. Kwa dizeli, injini za Class 800 zilipangwa awali zitoe kilowati 560 kila moja ili zidumu zaidi, yaani jumla 1,680. Hata injini zikiachiwa hadi kilowati 700, unapata 2,100 tu, na sehemu yake inaliwa na taa, viyoyozi na mashine za hewa. Upungufu huo hauonekani sana treni inapoondoka kituoni. Unaonekana kuanzia mwendo wa kilomita 130 kwa saa kwenda juu, ambapo upinzani wa hewa unapanda haraka na treni inajikongoja kufika 200. Tena, ikiwa chini ya waya, inabeba injini na matangi ya mafuta ambayo hayafanyi kazi yoyote, na uzito huo unalipiwa kwa umeme na kwa uchakavu wa njia.

Kwa nini basi zikanunuliwa? Mkataba wa treni ulisainiwa 2012, kabla kazi ya nyaya haijapangwa ipasavyo. Kwa reli ya Great Western ziliagizwa treni 36 za mabehewa matano zenye nishati mbili, na 21 za mabehewa tisa ambazo zilikusudiwa kuwa za umeme. Ilipodhihirika kwamba nyaya zitachelewa, hizo 21 nazo zikabadilishwa na kupewa seti kamili ya injini za dizeli. Huo ndio ushahidi mzito kuliko wote wa wale wanaozitetea: treni zilikuwa zinatoka kiwandani, nguzo hazijasimama, na bila dizeli zingelala uani.

Nyaya zilichelewa kwa sababu zinazojulikana, na inafaa kuzitaja kwa kuwa wengi hudhani ni uzembe mtupu. Ripoti ya Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi ya 2016 ilionyesha gharama ya kuweka umeme kutoka Maidenhead hadi Cardiff imefika pauni bilioni 2.8, ongezeko la bilioni 1.2 kwa miaka miwili tu. Uingereza ilikuwa imekaa takriban miaka 20 bila mradi mkubwa wa aina hiyo, na mafundi waliojua kazi walikuwa wamestaafu. Misingi ya nguzo ilikokotolewa kwa kanuni yenye tahadhari kupita kiasi, kwa hiyo vyuma vikawa virefu kuliko vilivyohitajika, na chuma kirefu ndicho kinachokutana na mwamba kabla hakijafika kina chake. Nyaya za ishara zilizozikwa kando ya njia hazikuwa kwenye ramani sahihi. Kila shimo likahitaji uchunguzi, au timu ikate nyaya na kuzima ishara za eneo zima. Vifaa vya waya vilikuwa vya muundo mpya, vizito, vilivyokusudiwa mwendo wa kilomita 225 kwa saa ambao treni hazijawahi kupewa.

Handaki la Severn, kwenye njia ya kwenda Cardiff, liliongeza lake. Lina urefu wa kilomita 7, limepita chini ya mlango wa mto, na maji hupampiwa nje bila kukoma. Humo badala ya waya uliwekwa upau mgumu darini, kwa sababu nafasi ni finyu. Unyevu ukaula kabla haujatumika, na kazi ikarudiwa. Treni za umeme zilifika Cardiff Januari 2020, lakini handaki halikuwashwa hadi Juni mwaka huo. Miezi hiyo abiria walivuka kwa sababu tu treni ilikuwa na njia ya pili ya kujisukuma. Hapa anayezilaumu treni za nishati mbili hana budi kunyamaza.

Magharibi zaidi hoja yao inapata nguvu kuliko popote. Kutoka Paddington hadi Penzance, huko Cornwall, ni kilomita 490 hivi kupitia Newbury, na nyaya zinaishia hapo Newbury, kilomita 85 tu kutoka London. Mbele kuna ukuta wa bahari wa Dawlish, ambako mawimbi hupiga treni zenyewe na ambako dhoruba ya Februari 2014 iliing'oa njia na kuifunga miezi miwili. Kisha kuna vilima vya Devon, kikiwemo cha Hemerdon chenye mwinuko wa mita 1 kwa kila 42. Kwa njia hiyo ndiyo ikanunuliwa Class 802, ndugu wa Class 800 mwenye injini za kilowati 700. Kupeleka waya hadi Penzance kwa idadi ya treni zinazokwenda huko ni jambo ambalo sitalitetea leo.

Bristol ni habari nyingine. Novemba 2016 serikali iliahirisha vipande vinne: Thingley hadi Bristol kupitia Bath, Bristol Parkway hadi Bristol Temple Meads, Didcot hadi Oxford, na matawi mafupi ya bonde la Thames. Akiba iliyotajwa ilikuwa pauni milioni 146 hadi 165 kwa kipindi kile cha bajeti. Hoja yake ilikuwa kwamba abiria atapata treni mpya na viti vipya hata bila waya. Ni kweli, alipata. Lakini tazama Oxford: treni za umeme tupu za Class 387 zinageuzia Didcot, kilomita 17 hivi kabla ya mji, na abiria wa vituo vidogo anashuka kupanda treni ya zamani ya dizeli. Treni ya nishati mbili inaficha pengo kwa anayekwenda mbali. Pengo lenyewe linabaki kwa anayeshuka kituo kidogo.

Na kazi ilikuwa imeshaanza. Handaki la Box lilishushwa sakafu mwaka 2015 kwa ajili ya waya ambao haukuja. Kipande cha Filton, kati ya Parkway na Temple Meads, kilirudishiwa njia nne mwaka 2018. Fedha ya sehemu ngumu ikaliwa, faida ikaachwa. Sioni namna ya kuutetea uamuzi huo.

Swansea inanipa shida zaidi. Kipande cha Cardiff hadi Swansea, kilomita 74 hivi, kilifutwa Julai 2017. Wizara ya Usafiri ilisema waya hautapunguza dakika, kwa sababu kona za njia ndizo zinazozuia mwendo. Kwa hesabu ya dakika tu, wako sahihi. Lakini kipimo hicho hakihesabu moshi, kelele, mafuta wala matengenezo ya injini kwa miaka 27 ya mkataba wa treni. Tena kinasahau kwamba waya huleta pia uwezekano wa treni za mizigo na za vituo vidogo kwenda kwa umeme. Ningekubali Swansea isubiri, mradi Bristol imalizwe kwanza.

Gharama si sheria ya asili. Scotland iliendelea kuweka umeme bila kuvunja timu: Edinburgh hadi Glasgow kupitia Falkirk 2017, Stirling, Dunblane na Alloa 2018, njia ya Shotts 2019. Kundi lilelile la mafundi lilihama kutoka njia hadi njia. Jumuiya ya wenye viwanda vya reli ilikadiria mwaka 2019 kwamba miradi ya kawaida ingeweza kufanywa kwa theluthi moja hadi nusu pungufu ya gharama zilizotisha Great Western. Hapa treni za nishati mbili zina lawama ya haki: zinarahisisha kusimamisha kazi, na kila inaposimama mafundi wanatawanyika, kisha mradi unaofuata unaanza na wanagenzi.

Wales Kusini wamepata njia ya kati. Kwenye mabonde ya Cardiff, waya umewekwa sehemu zilizo rahisi na kuachwa bila umeme chini ya madaraja mafupi. Treni za Class 756, zenye betri, dizeli na pantografu, zinapita mapengo hayo bila kubomoa daraja. Mwaka 2024 Hitachi nao walitoa injini moja kwenye Class 802 na kuweka betri ya zaidi ya kilowati 700 mahali pake, wakaijaribu njiani. Nafasi chini ya sakafu inatosha; kinachobadilika ni kilichofungwa humo.

Kwa hiyo mpangilio ningeuanza na Parkway hadi Temple Meads, kilomita 10 hivi, kwa kuwa njia nne za Filton zipo na makutano ya mashariki mwa Temple Meads yalipangwa upya mwaka 2021. Pili Didcot hadi Oxford, ili Class 387 zifike mjini. Tatu Thingley hadi Bath na Bristol, ambako nguzo zitalazimika kupatana na bustani za Sydney Gardens na majengo ya urithi wa dunia ya Bath. Penye ugumu mkubwa waya uachwe na betri ivushe. Injini za dizeli zihamishiwe kwenye treni za Plymouth na Penzance, ziwe vipuri vya Class 802.