WhatsApp kwa dola bilioni 19: kiputo au bei halali?

Februari 2014 Facebook ilitangaza kuinunua WhatsApp kwa dola bilioni 19. WhatsApp ilikuwa na wafanyakazi 55, na mwaka 2013 iliingiza dola milioni 10 tu, ikapata hasara ya milioni 138. Siku chache kabla yake, Rakuten ya Japani ilikuwa imeichukua Viber, programu nyingine ya ujumbe na simu, kwa milioni 900. Waliounguzwa mwaka 2000 na anguko la Nasdaq, soko la hisa la Marekani lenye kampuni nyingi za teknolojia, walianza kupiga kelele: kiputo kingine, yaani bei iliyovimba kupita thamani halisi!

Hofu hiyo ina msingi. eBay, kampuni ya mnada wa mtandaoni, ilinunua Skype, huduma ya simu za mtandaoni, mwaka 2005 kwa dola bilioni 2.6; 2007 ikafuta vitabuni zaidi ya bilioni moja ya thamani hiyo, kwani wateja wa mnada hawakuona haja ya kupigiana simu. Nayo AOL, kampuni ya intaneti ya Marekani, ilinunua ICQ, huduma ya ujumbe, mwaka 1998 kwa milioni 287, ikaiuza 2010 kwa milioni 187.5.

Lakini piga hesabu. WhatsApp ilikuwa na watu milioni 450 kwa mwezi, yaani kama dola 42 kwa kila kichwa. Gawanya kwa wanaoitumia, si waliojisajili, maana hesabu ya waliojisajili hubeba hata laini zilizotupwa zamani. Kisha tazama wanaoifungua kila siku: walikuwa zaidi ya asilimia 70. Hao hawahami ovyo.

Jambo ambalo wengi hulipita ni namna ya malipo. Taslimu ilikuwa bilioni 4 pekee; iliyobaki ilikuwa hisa. Mwenye hisa zilizovimba hununua kwa rahisi, na hatari humhamia anayezipokea. AOL ilipoungana na Time Warner, kampuni ya habari na filamu, wenyehisa wa Time Warner walilipwa kwa hisa za namna hiyo, na mwaka 2002 kampuni iliyounganishwa ikatangaza hasara ya karibu dola bilioni 99. Hisa za Facebook, kinyume chake, zilipanda.

Hapa Nairobi tuliyaona. Hisa za Safaricom ziliuzwa shilingi 5 mwaka 2008, zikagombaniwa; mwaka uliofuata zikashuka chini ya 3, na aliyekopa benki kuzinunua akaumia. Mwaka 2021 zilipita 40. Kampuni ni ile ile.

Kwangu, bei ya WhatsApp haikuwa wazimu. Swali gumu ni nani anavuna. Muuza mitumba wa Gikomba hutuma picha za nguo kwa WhatsApp, akalipwa kwa M-Pesa. Makato huenda Safaricom, WhatsApp haiambulii kitu. Ada ya dola moja kwa mwaka iliyotozwa watumiaji wake ilifutwa 2016. Wanaolipa sasa ni mabenki na makampuni yanayowatumia wateja ujumbe, na tangu 2025 watangazaji kwenye Status.