Usimtie kereng'ende kwenye friza

Mwezi uliopita kijana mmoja ninayepiga naye picha za wadudu alinionyesha kereng'ende wake kwenye simu. Picha ilikuwa kali kuanzia kichwani hadi mkiani, na matone ya maji yametapakaa mwilini kama umande wa alfajiri. Nikaisifu. Kisha nikaikuza upande wa macho, nikaona yamefifia, yana rangi ya chai iliyolala. Nikamuuliza amempigia wapi.

"Nyumbani, kaka. Nilimweka friza kwanza."

Sikumgombeza. Mbinu hiyo ameipata kwa waliomtangulia: unamkamata mdudu, unamtia kwenye kikopo, unamweka kwenye friza mpaka azubae, kisha unampanga juu ya jani na kumpiga picha unavyotaka. Yule wa kijana hakuzubaa tu, alikufa. Na matone yale hayakuwa umande. Kitu chochote kilichotoka friza, kiwe chupa ya soda au mdudu, kikikutana na hewa ya Dar kinatoka jasho papo hapo. Mimi nasema tuiache mbinu hii. Inamtesa kiumbe asiye na kosa, na inaua kilekile tulichokwenda kukitafuta.

Chukua macho. Jicho la kereng'ende limeundwa na vijicho vidogo vidogo, na kwa baadhi ya aina hufika karibu 30,000. Rangi yake, iwe kijani au bluu, ni ya uhai, na akishakufa huanza kufifia. Wapo na wale nzi wakubwa wanaouma ng'ombe, ambao wengine wana mistari ya kijani na zambarau machoni. Mistari ile ni matabaka membamba yanayoucheza mwanga, kama mafuta ya gari juu ya dimbwi la gereji. Jicho likikauka, mistari inapotea. Utapiga picha ya ganda.

Halafu kuna mkao, na hapa ndipo penye utamu wenyewe. Nenda bonde la Msimbazi upande wa Kinyerezi saa sita mchana, jua likiwa utosini. Utamkuta kereng'ende kwenye ncha ya tete ameinua mkia wima, kichwa chini, kama mwanasarakasi. Anaukwepa moto: mwili ukielekea jua, sehemu inayochomwa inapungua. Au mtazame nzi aliyetulia ukutani baada ya kula, akitoa tone la majimaji mdomoni, analivimbisha, analirudisha, analitoa tena. Watu wanaona kinyaa. Kumbe kwa nzi wengine imeonekana kwamba tone lile likipoa nje na kurudishwa ndani humpunguzia joto. Mimi nimekaa nusu saa nikimsubiri nzi mmoja apige povu lake, na nilipolipata, dirisha lote la nyumba ya jirani limo ndani ya tone, limegeuka juu chini. Picha hiyo friza haikupi hata ukae nayo mwaka.

Hata mbu, ambaye simtetei, mkao wake una habari. Mbu aenezaye malaria akitua huinua tumbo juu, mwili umenyooka kama msumari uliopigwa upande. Yule wa dengi hukaa sambamba na ukuta, miguu ina pete nyeupe, naye huuma mchana. Mji huu ulipata dengi mwaka 2014 na tena 2019, na wengi wetu bado tunasubiri giza liingie ndiyo tujikinge. Picha moja nzuri ya mbu aliye hai, ikibandikwa pale kwa mjumbe, ingefundisha kitu.

Najua hoja ya wenzangu. Ukimsogelea mdudu kwa lenzi ya karibu, sehemu inayotoka kali ni nyembamba kuliko ukucha: macho yakiwa safi, mabawa yana ukungu. Ndiyo maana wanataka atulie, wapige picha thelathini na kuziunganisha kwenye kompyuta. Lakini mdudu hutulia mwenyewe ukimfuata saa zake. Amka saa kumi na moja na nusu, hasa Juni na Julai, umkute bado ana baridi, mabawa hayajapata nguvu. Shika kamera ili uso wa lenzi uwe sambamba na ubavu wake, na picha moja itambeba mzima. Flashi ifunike kwa karatasi nyeupe, usimchome. Na kereng'ende wengi wana kijiti chao: akiruka usimfukuze, baki hapohapo umelenga kijiti. Atarudi. Mwenye simu na kilenzi cha kubana anaweza haya yote.

Kuna jambo jingine linaloniuma kuhusu friza. Wale kereng'ende wa njano wanaojaa angani vuli inapokaribia, hatujui nani katoka wapi. Mwanabiolojia Charles Anderson, aliyewatazama miaka mingi wakitua Maldivi, aliandika mwaka 2009 kwamba wanavuka bahari kutoka India hadi Afrika Mashariki wakisukumwa na pepo, wakifuata mvua. Mdudu wa urefu wa kidole amevuka bahari ya Hindi, akatua kwenye dimbwi la mvua mtaani kwetu atage mayai. Ndiye tunayemfunga kwenye kikopo cha siagi?

Kwa sasa ninayemtaka ni nondo. Nyuma ya nyumba yetu kuna mpapai, na wakati wa magharibi nondo mmoja mnene huja kwenye maua, ananing'inia hewani bila kutua, mrija wake mrefu ndani ya ua. Dino Martins wa Kenya amefanya utafiti kuhusu nondo hawa, na ndio wanaobeba chavua ya mipapai. Bila chavua hiyo mpapai jike haupati mbegu. Kabla ya kuruka hutetemesha mabawa kwanza, kama mtu anayepasha injini, na hiyo ndiyo nafasi yangu, kwa kuwa wakati huo yuko mahali pamoja. Mwanga lakini ni mdogo, na mbwa wa jirani hubweka flashi ikiwaka. Msimu wa pili huu, nina picha za ua tupu na kivuli cha bawa.

Ijumaa nitakaa tena chini ya mpapai. Kijana amesema atakuja, na nimemwambia asibebe kikopo.