Mwenzenu nilikwenda kambini

Neno lenyewe ndilo lililoniponza. Ningesema nakwenda Marekani kufanya kibarua cha likizo, watu wangenipongeza, pengine wangechinja hata jogoo. Mimi nikasema nakwenda kambini. Mama akakaa kwenye kigoda akauliza, "Umekuwa mkimbizi tangu lini?" Mjomba, aliyepita JKT enzi za Mwalimu, akanikumbusha nibebe sabuni ya mche na soksi nene. Lakini aliyenimaliza ni babu. Sisi ni watu wa Kongwa, na miaka ya 1960 babu alikuwa kijana pale pale, wakati wapigania uhuru wa Afrika Kusini, Msumbiji, Namibia na Angola walipokuwa na kambi zao kwetu. Kwa babu, kambi ni ile. Akanishika mkono, macho yanamlenga machozi, akauliza: "Mjukuu wangu, mnakwenda kukomboa nchi gani?"

Nikamwambia Maine.

Akasema hajawahi kuisikia, ila kama watu wake wanaonewa, basi niende.

Maine ni jimbo la huko huko Marekani. Na kwa msioijua kazi yenyewe, iko hivi. Shule za Marekani zikifungwa mwezi wa sita, wazazi wenye nafasi huwapeleka watoto msituni, wakakae wiki saba kwenye vibanda vya mbao kando ya ziwa. Simu zinabaki nyumbani. Kibandani hakuna feni wala tivii, kuna balbu moja na mbu wake. Choo kiko kule, unakifuata kwa tochi. Sasa anatakiwa mtu mzima wa kulala na watoto hao, na vijana wa kwao hawatoshi, kwa hiyo wengine tunaagizwa kutoka nje kwa viza ya J-1, ambayo kwa kazi hii haizidi miezi minne. Wanatuita makaunsela. Mimi nilidhani kaunsela ni mtu wa kukalia kiti na kutoa ushauri nasaha.

Wazazi wengi wa kambi za aina ile hulipa zaidi ya dola 10,000 kwa mtoto mmoja. Nirudie, maana hata mimi nilirudia: ni milioni ishirini na kitu za Kitanzania, ili mtoto atembee na tochi kwenda chooni. Bibi yangu anakwenda chooni na tochi maisha yake yote na hakuna aliyewahi kumpa hata stakabadhi.

Posho yangu mimi ilikuwa dola 1,800 kwa wiki tisa. Nilipoisikia niliigeuza kuwa shilingi hapo hapo, nikaona pikipiki mpya ya bodaboda na chenji ya kununulia bati. Kisha wakaja wenye chao: viza dola 185, wakala, bima, nauli. Pikipiki ikabaki matairi. Usiku mmoja nikafanya kosa la kuigawa posho kwa saa, kwa sababu mtoto wa miaka minane hana zamu, akiamka saa tisa usiku anataka maji, ni wewe. Siku 63 mara saa 24. Ikatoka dola moja na senti kumi na tisa. Kima cha chini cha serikali yao kuu ni dola 7.25 tangu 2009, lakini kambi za msimu sheria inaziruka. Sheria inajua kuruka jamani, utadhani imefundishwa na mbuzi.

Sasa karanga.

Mama alinifungia karanga kilo mbili, za kukaanga, zenye chumvi. Muelewe kwamba kwa mtu wa Kongwa karanga si kitafunwa tu. Mwaka 1947 Mwingereza alikuja kwetu na mpango wa kulima karanga apate mafuta ya kula kwao. Alileta matrekta, mengine yametengenezwa kutokana na vifaru vya vita, akapambana na mibuyu, akapambana na udongo unaokauka ukawa kama sakafu ya saruji, mvua nayo ikamnunia. Mwaka 1951 serikali yake ikakunja virago. Kwa hiyo mtoto wa Kongwa kuingia ng'ambo na karanga za Kongwa ni jambo la historia. Kwenye ndege nilijiona namkamilishia Mfalme George kazi yake.

Jioni ya kwanza, mezani, kabla watoto hawajafika, nikaona niwe mgeni mwenye adabu. Nikatoa mfuko, nikaufungua, nikasema, "Karibuni, za kwetu hizi." Muuguzi wa kambi, mama wa makamo anayetembea kwa kulalamikia goti, aliruka benchi. Nasema aliruka. Karanga zikaingia kwenye mfuko, mfuko ukaingia kwenye mfuko mwingine, na huo kwenye mwingine, yote ikaingia kwenye boksi, boksi likapigwa gundi ya karatasi, likaandikwa jina langu na tarehe, likafungiwa ofisini. Nikaoshwa mikono mara tatu. Meza ikapanguswa. Benchi likapanguswa. Mzungu mmoja aliyekuwa ameonja punje mbili alipelekwa kupiga mswaki kama mtoto.

Kesho yake ndiyo tukafundishwa ile sindano iliyo kama kalamu, unamkandamizia mtoto pajani, hata juu ya suruali, kisha unaita gari la wagonjwa. Kuna watoto punje moja inawafunga pumzi. Hapo sikucheka, na mwaka mzima huu nikiona karanga mkononi mwa mtoto nageuka kumtazama midomo. Lakini nilipouliza basi mkate wanapaka nini, wakaniambia siagi ya alizeti. Alizeti! Dodoma na Singida tunalala juu ya alizeti! Kilo mbili za mizigo, na nimechagua zao lisilo lenyewe.

Jina langu ni Mazengo. Siku ya pili lilikuwa Mango. Ya tatu, mtoto mmoja akauliza kama kuna mtu ana mzio wa Mango.

Halafu wakanipanga ziwani. Mgogo, ziwani. Kwenye fomu niliulizwa kama "nastarehe majini," nikajibu ndiyo nikifikiria kuoga. Kwetu maji yanakuja kwa dumu, juu ya baiskeli, unalipia. Mtu huzami kwenye kitu ulichokinunua. Kufika kule naambiwa kila mmoja lazima apimwe kuogelea, na asiyeweza anaingia darasani na wanaoanza. Wanaoanza walikuwa sita. Watano umri wao ni miaka saba. Wa sita ndiye huyu anayezungumza nanyi, kavaa boya la kifuani la rangi ya chungwa lililobana kwapani, meno yanagongana, maana ziwa la Maine mwezi wa sita ni jokofu lililosahauliwa kufungwa.

Utaratibu wao ni kwamba hakuna anayeingia majini peke yake, kila mtu ana mwenzake. Filimbi ikilia, kila wawili wanashikana mikono na kuinyoosha juu, wahesabiwe. Mwenzangu alikuwa binti mdogo asiye na meno mawili ya mbele. Kila filimbi ikilia ananyoosha mkono wangu kama refa anayemtangaza bondia. Siku nilipogoma kutumbukiza uso, akanipiga piga begani: "Usijali, Mango. Hata mimi nilikuwa mwoga, nilipokuwa na miaka minne." Nimesoma mpaka chuo kikuu, mwenzenu.

Nilivuka mtihani wiki ya tatu. Waliniimbia. Sitaki kulizungumzia zaidi.

Jambo moja nililijua kuliko wote, na hilo nalo wakaliharibu. Kupe. Msitu ule una kupe wadogo kama mbegu ya ufuta, wanaoeneza ugonjwa wanaouita Lyme, jina la mji wa huko Connecticut ulikotambuliwa. Kila jioni tunawakagua watoto: nyuma ya masikio, kwenye nywele, nyuma ya magoti. Mimi natoka kwenye ng'ombe, kupe si mgeni wangu. Kwenye mafunzo mkurugenzi akauliza kama kuna mwenye uzoefu na kupe, nikasimama kwa mara ya kwanza kifua mbele. Nikauliza josho liko wapi. Akauliza josho ni nini. Nikaeleza: unachimba handaki, unajaza maji yenye dawa, unawapitisha mmoja mmoja mpaka watumbukie kichwa. Ukumbi ulikaa kimya. Mwenzangu kutoka Poland akanivuta shati nikae.

Na moto je? Usiku wa moto wa kambi, mvua imenyesha, kuni mbichi, vijana wamehangaika na viberiti nusu saa. Macho yote kwa Mwafrika. Mwafrika akafanya vile mama yake alivyokuwa akiwasha jiko la mkaa kabla mifuko ya plastiki haijapigwa marufuku mwaka 2019: akaomba rambo. Muuguzi aliniangalia kwa jicho lile lile la karanga. Baadaye walipofanikiwa wenyewe, wakanipa kijiti chenye peremende nyeupe laini kama sponji, nikaambiwa niibabue kwenye moto niibane katikati ya biskuti na chokoleti. Tamu mpaka jino la babu lingeuma kutoka Kongwa. Mimi wiki ya nne nilikuwa naota ugali wa uwele na mlenda, naamka nimeuma shuka.

Kulala kwenyewe kulikuwa kesi. Kiswahili kiligoma. Saa mbili usiku, jua hilo, linawaka. Unamwambia mtoto alale, ni usiku, anakunyooshea kidole dirishani bila kusema neno, kama wakili mwenye ushahidi. Giza linaingia karibu saa tatu, na saa kumi na moja kasoro kumeshakucha. Usiku wa watu gani huo? Na katika hicho kipande cha usiku kilichobaki, ziwani kukalia kitu. Jamani. Sauti inaanza kama mwanamke anayeomboleza, inapanda, halafu inacheka. Inacheka gizani! Nilivuta blanketi mpaka utosini, nikaanza kusoma majina ya ukoo. Kutoka kitanda cha juu sauti ndogo ikasema, "Mango, ni ndege tu." Kweli ni ndege, mweusi mwenye madoa meupe, wanamwita luni, wamempenda hadi wakamchora kwenye namba za magari. Sasa mtu aliyelipwa kumtuliza mtoto ndiye anatulizwa, kwa dola moja na senti kumi na tisa.

Huyo wa kitanda cha juu alikuwa na miaka minane, na wiki ya kwanza alilia kila siku baada ya chakula cha mchana, kwa ratiba. Kule barua kwa wazazi ndiyo tiketi: siku za barua huingii kula jioni bila bahasha mkononi. Sisi haturuhusiwi kuzisoma. Lakini yeye herufi zilikuwa zinamsumbua, kwa hiyo alikuwa ananiuliza. Mara ya kwanza aliuliza "nachukia" inaandikwaje. Nikamtajia. Akaandika, akafikiri, akauliza "kila mtu" inaandikwaje. Nikamtajia. Kisha akainua macho kwa huruma akasema, "Si wewe, Mango. Nimeandika isipokuwa wewe. 'Isipokuwa' inaandikwaje?"

Nyumbani nao hawakuniacha. Kundi la familia la WhatsApp lilikuwa na maombi ya simu tatu, viatu namba 43 na "chochote tu utakachoona." Nikawatumia picha kuwaonyesha maisha halisi: mimi na mzigo wa kuni begani, nyuma yangu kibanda cha mbao, mbele yangu ndoo. Kimya, siku nzima. Jioni mama akaandika: "Si ungebaki tu hapa? Kuni zipo."

Wiki ya mwisho ndipo ikaja vita. Wanaiita vita vya rangi: kambi nzima inagawanywa mara mbili, bluu na nyekundu, na kwa siku kadhaa wanashindana kila kitu, kuvuta kamba, mitumbwi, nyimbo, hata kula kimya. Nilikuwa bluu. Watu wazima wenye shahada walijipaka rangi usoni wakapigana kwa mayai juu ya vijiko. Nilikuwa nimeapa sitajihusisha. Siku ya pili nilikuwa nimepoteza sauti. Kwenye mbio za mwisho za majini walikosa mtu, nikaingia, bila boya, nikaogelea mpaka kwenye jukwaa la mbao na kurudi, yule binti asiye na meno kasimama gatini anapiga kelele jina la tunda. Nilikuwa wa mwisho. Tulikuwa tumeongoza mpaka hapo.

Siku ya kuondoka mabasi yalipowashwa, yule wa kitanda cha juu, mchukia kila mtu, alishika nguzo ya geti, ikabidi abanduliwe kidole kimoja kimoja. Mimi nilikuwa na vumbi machoni. Kulikuwa kumenyesha, najua.

Muuguzi akaniletea boksi langu, jina na tarehe, gundi haijaguswa. Nikalisafirisha lilivyo: basi mpaka New York, ndege mpaka Dar, treni ya umeme mpaka Dodoma, hiace mpaka Kongwa. Babu alikuwa kwenye kiti chake chini ya mti. Nikakaa, nikafungua boksi, mfuko, mfuko, mfuko. Akachota, akatafuna taratibu, akanitazama.

"Haya. Mlishinda?"

"Hapana babu. Nyekundu walituzidi pointi kumi na mbili."

Akatafuna.

"Mmepigana muda gani?"

"Wiki tisa."

"Wenzako hapa walikaa miaka," akasema, akachungulia ndani ya boksi. "Na hizi karanga ni za huko? Hazina ladha kabisa."